Siku Karamalla Alipoifananisha Reli

Karamalla wa Namba Tano hakuwahi kuloga mtu wala kitu. Nalisema hili mapema kwa kuwa huko Abu Hamad, na katika vibanda vyote vya reli vilivyotawanyika jangwani hadi Halfa, wapo watu watakaokuapia kinyume chake. Watakuambia yule mtu alikuwa akiutazama mtungi, anatamka neno moja, na mtungi unapasuka. Na kweli mtungi ulipasuka. Ila upande wake yeye haukusimuliwa sana, maana kila alipoanza kujieleza watu waliziba masikio.

Alikuwa Mrubatabu kwa kabila. Na Mrubatabu hakuambii kuwa wewe ni mrefu. Atakuambia umesimama kama mtu anayechungulia ugomvi wa majirani. Mwenye kilemba kikubwa ataulizwa nguo hizo kichwani anampelekea dobi gani. Ndiyo matani yao, na ndiyo hofu ya jirani zao pia, kwa sababu inaaminika kwamba kitu kikifananishwa kikafanana kwelikweli, hakikawii kuharibika. Kwa hiyo watu hucheka kwanza, wanapangusa machozi, kisha mbio mbio wanasema "Mashallah, Mashallah," kama wanaozima cheche iliyorukia mkeka.

Karamalla alijaliwa kipaji hicho kuliko ndugu zake wote. Tangu utotoni mamake alimkataza kukaa karibu ng'ombe akikamuliwa.

Alipofika miaka kumi na tisa aliingia genge la reli, akapelekwa Namba Tano. Kule jangwani stesheni hazina majina, zina namba tu, kwa kuwa walioijenga reli hawakumkuta mtu wa kumuuliza pale panaitwaje. Mti hakuna, kisima hakuna. Kuna jengo la stesheni masta, tangi linalojazwa maji na treni, vibanda vya genge vilivyochongoka juu mithili ya kofia, na reli yenyewe, inayotoka kwenye weupe upande wa kusini na kuingia kwenye weupe upande wa kaskazini. Kazi ya genge ni kuitunza: kukaza bolti, kufukua mchanga, kunyoosha mataruma yanayobeba reli. Kesho yake mchanga umerudi, unaanza upya.

Wiki yake ya pili, stesheni masta aliletewa mtungi mpya wa maji, mpana wa tumbo. Karamalla akautazama akasema, "Huu umekaa kama mama mwenye mimba ya mapacha aliyeambiwa asimame kidogo, kiti kinakuja." Watu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mtungi ulikuwa umeachwa juani mchana kutwa. Jioni stesheni masta akaumiminia maji ya kiriba, ya baridi kali, na pale pale, pa! Vipande viwili.

"Nani aliuacha juani?" Karamalla akauliza.

Wote walikuwa wakiutazama mdomo wake.

Miezi haikupita mingi ikaja zamu ya taa. Karamalla alikuwa ameona kioo chake ni kinene upande mmoja, akasema kina shavu la mtu mwenye jino bovu. Usiku wa Januari mlango ukafunguliwa, upepo wa baridi ukaingia, kioo kikalia "ti" na kuanguka mezani. Tangu hapo jina likamganda. Mpishi akawa anafunika sufuria akimwona anakuja.

Jambo hilo lilimwuma, maana alikuwa mtu wa kupenda watu. Basi akaanza kuchunguza. Hakujua kusoma, ila alikuwa na macho na alikuwa na miaka. Aliona samli inavyokuwa jiwe alfajiri na mchuzi adhuhuri. Aliona waya za simu zinavyolegea Juni hadi ngamia anazigusa kwa nundu, na Januari zinavyokazika mpaka zinaimba. Hata kufuli ya stoo ilikuwa na saa zake za kukubali ufunguo na saa zake za kuukataa. Na kila alichodaiwa kukiloga, akikumbuka vizuri, jua au baridi lilikuwa limekipitia kabla yake. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kuona kwamba kitu kimechoka, basi. Lakini nani angekubali maelezo makavu kama hayo, akaacha hadithi tamu ya ulimi unaopasua mitungi?

Aliyemkubali alikuwa nyapara wa zamani, mzee Wad Rahma. Yeye ndiye aliyemfundisha kuacha nafasi.

"Chuma nacho ni kiumbe, mwanangu," mzee alimwambia. "Kikipata joto hujinyoosha, kikipata baridi hujikunyata. Kati ya reli na reli acha upenyo. Ukiwabana, watapigana; na wakipigana wao, anayeanguka ni abiria."

Vipo vibati maalumu vya kupimia upenyo huo, lakini vya Namba Tano vilikuwa vimezikwa na mchanga zamani. Karamalla akabuni vyake: kokwa za tende. Alfajiri ya Januari, chuma kikiwa kimejikunyata kabisa, alitia kati ya ncha mbili kokwa nene ya tende iitwayo gundeila. Siku za joto la wastani, kokwa nyembamba ya barakawi. Mchana wa kiangazi hakutia kitu, ncha zinagusanishwa tu zikaachwa. Reli inasukumwa mpaka iibane kokwa, bolti zinakazwa, kokwa inachomolewa, mnakwenda mbele. Miaka ishirini na miwili treni ilipita juu ya hesabu hiyo ya tende, kata-kata, kata-kata, na hakuna gurudumu lililoacha njia.

Mwanzoni mwa miaka hiyo alimwoa binti ami yake, Darassalamu. Naam, jina kama la mji. Na mwenyewe hakupungukiwa na kelele za mji. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukubali kuishi Namba Tano zaidi ya mwaka mmoja. Alifuga kuku waliotaga mayai madogo kwa hasira. Na kila asubuhi alitazama chupa yake ya mafuta mazito ya nywele iliyokaa dirishani. Yakiwa yameganda, alisema, "Nenda salama, mwana wa ami." Yakiwa yameyeyuka kabla ya chai, alisema, "Leo reli zenu zina wazimu. Chukua maji ya ziada."

Karamalla alimpenda kwa namna ya pekee: hakumfananisha na kitu. Alifananisha stesheni masta, mbuzi, mawingu, lakini yeye hapana. Darassalamu alikuwa akilalamika, "Wanawake wenzangu wanaitwa mwezi, wanaitwa swala. Mimi naitwa 'wewe'!"

"Wewe nakutaka mzima," Karamalla alijibu, na hilo likamtosha.

Sasa, Wad Rahma akastaafu, akaja nyapara mpya kutoka Atbara, Fadlalmula. Asionewe: alikuwa mtu mwema, mnene, msafi, mwenye kuswali kwa wakati. Kasoro zake zilikuwa mbili tu. Alipenda kila kitu kinyooke, na aliogopa kijicho kuliko nge. Alivaa hirizi tano na ya sita aliifunga kwenye toroli.

Januari ya mwaka huo genge lilibadilisha reli kwenye kona ya Jiwe Jeusi, kati ya Namba Sita na Namba Tano, karibu maili nzima. Walianza kabla ya jua, pumzi zikitoka moshi, mitaimbo ikiuma viganja kwa baridi. Karamalla akatoa kokwa zake za gundeila.

"Hivyo nini?" nyapara akauliza.

"Kipimo, nyapara."

"Reli ya serikali inapimwa kwa masalio ya chakula?" Fadlalmula akacheka. "Weka mfukoni. Mapengo haya yananitia aibu. Mkaguzi akipita na toroli meno yanamgongana, akifika kwangu ameshakasirika. Nataka ncha ikae na ncha. Zishonwe!"

Karamalla akajaribu kujizuia. Kabashi, mwenzake wa mtaimbo tangu ujana, alimwona anavyojizuia, akajua haitawezekana.

"Nyapara," Karamalla akasema, "hawa umewalaza kama ndugu kumi kwenye kitanda kimoja, wamebanana kwa sababu ya baridi. Ngoja kiangazi kije, kila mmoja atake kunyoosha mguu!"

Genge zima likaachia mitaimbo na kucheka. Nyapara naye alicheka, halafu uso ukambadilika. "Mashallah! Semeni Mashallah, nyote! Amekwisha kuifananisha!" Akashika hirizi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta ufunguo. "Karamalla, wewe mtu, utaniangushia treni. Apa hapa hapa kwamba hutaifananisha reli hii tena."

"Wallahi sitaifananisha."

"Siyo hiyo. Hiyo mtu huapa hata akikataa chai. Apa ile ya wanaume."

Na Karamalla, mbele ya watu watano na alfajiri yenyewe, akaapa ile ya wanaume wa kwetu, inayotoka mdomoni upesi na kurudi nyumbani polepole: "Talaka iniangukie nikiifananisha reli hii na kitu chochote."

Basi zikashonwa. Kona ya Jiwe Jeusi ikawa laini kama hariri, na mkaguzi alipopita akamsifu nyapara.

Darassalamu alipoisikia habari ya kiapo alikuwa anakoroga uji wa ngano. Aliushusha mwiko polepole.

"Yaani mimi umeniweka rehani kwa chuma?"

"Ni maneno tu, binti ami. Nifunge mdomo, basi."

"Wewe? Ufunge mdomo?" Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Ningeweza kufunga virago sasa hivi nisipoteze muda."

Lakini Karamalla alijitahidi. Februari, Machi, Aprili, reli akaiita reli. Ilimchosha. Kabashi anasema alikuwa akitembea juu ya mataruma anasonya tu.

Mwezi Aprili ukiisha, Darassalamu akapanda treni kwenda Abu Hamad, kwa binti yao Batuli aliyekuwa anajifungua mtoto wa kwanza. Akakaa naye mpaka arubaini itimie. Zile siku arubaini Karamalla aliziishi vibaya. Alikula maharage ya kuchemsha asubuhi na jioni. Alizungumza na kuku. Chupa ya mafuta ilibaki dirishani, na aliitazama kila kukicha kwa sababu mkewe alikuwa akiitazama.

Siku ambayo Darassalamu angerudi, Karamalla aliamka, akawasha moto, akatazama dirishani. Mafuta yalikuwa yameyeyuka. Chai haijachemka, na yalikuwa yanacheza ndani ya chupa kama maji ya kisima. Kiangazi kilikuwa kimekuwepo siku nyingi, lakini siku ile haikuwa sawa na zile zilizotangulia. Hata upepo ulikuwa umelala.

Genge likatoka na toroli saa tano kwenda kukagua njia, kama kawaida kabla ya treni ya mchana. Walipofika kona ya Jiwe Jeusi, Karamalla akashuka. Akainama kwenye ungio la kwanza: hakuna upenyo. La pili: hakuna. La kumi: unyasi wa ufagio haukuingia. Akapiga magoti, akatazama pembeni. Ncha za mataruma zilikuwa zimesogea kidogo kuelekea nje ya kona, na kokoto zilizokuwa zimeegemea pale zimeachwa nyuma kwa upana wa kidole.

Reli zilikuwa zimeanza kutafuta pa kwenda.

"Nyapara," akaita, "reli ni ya moto."

"Tuko Juni, Karamalla. Hata kofia yangu ni ya moto."

"Hakuna nafasi. Zimegusana kona nzima."

"Ndivyo tulivyozilaza."

"Zinasukumana. Simamisha treni mpaka jua lipungue."

Nyapara akaangalia reli. Ilikuwa inang'aa, nzuri, imenyooka katika kupinda kwake. Bendera nyekundu ilikuwa chini ya kwapa lake, imekunjwa, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa.

"Nisimamishe treni ya abiria katikati ya jangwa kwa sababu chuma kina joto? Kesho nikaandike nini kwenye ripoti? Kwamba jua lilitoka?"

"Zinasukumana, nyapara. Zi... zina..." Maneno ya kawaida yalikuwa yamemwishia Karamalla. Alikuwa na lile moja, lilikuwa limejaa mdomoni, tayari, na akalimeza kama dawa.

Kabashi akamwonea huruma. "Ngoja niseme mimi. Mimi sijaapa. Nyapara, hizi reli ni kama... ni kama mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wengi," Kabashi akasema.

Genge likamtazama kwa masikitiko. Kabashi hakuwa Mrubatabu.

"Sikiliza, ndugu yangu," nyapara akamwambia Karamalla, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Mkeo anakuja leo. Mtu akingoja sana huona hatari kila mahali. Hata mimi mke wangu akisafiri naota nyumba inaungua. Kunywa maji."

Ndipo kusini, kwenye ule weupe, ukatokea mkia mdogo wa moshi.

Karamalla akahesabu. Toka pale moshi ulipo mpaka kona, treni ingetumia muda wa mtu kunywa bilauri mbili za chai, kama hazina moto sana. Akafikiri kumpokonya nyapara bendera. Nyapara alikuwa na uzito wa wawili, na genge lingemsaidia mkubwa wao. Akafikiri kukimbia mbele akipunga kilemba. Lakini kule jangwani kila mtu hupungia treni, na dereva angempungia naye, kwa furaha, akaja moja kwa moja.

Ndani ya treni ile alikuwamo Darassalamu. Bila shaka alikuwa ameketi upande wa kivuli, kikapu mapajani, akimweleza mtu asiyemjua uzito wa mjukuu wake. Na pamoja naye watu wa watu wengine.

Akamtazama Fadlalmula. Mtu huyu haogopi jua, Karamalla akawaza. Jua analiona kila siku. Anaogopa kitu kimoja tu hapa duniani, na kitu hicho ninacho mimi mdomoni.

Unaweza kumwacha mke ili umpate mzima? Hakupata muda wa kulijibu swali hilo. Alipanda juu ya boksi la vifaa, akanyoosha mkono kuelekea kona nzima, akapaza sauti:

"Fadlalmula! Itazame reli yako! Imejibana kama mtu aliyekula maharage akaja msikitini, amesimama safu ya mbele, na imamu ndiyo kwanza ameanza sura ndefu!"

Kabashi akakaa chini juu ya mchanga, akalia kwa kicheko. Hata waliofunga midomo kwa viganja walitoa milio puani. Ilifanana. Mungu atusamehe, ilifanana mno: lile tumbo la kona lilivyojikaza, ule utulivu wa uongo, lile jasho la kung'aa.

Nyapara hakucheka. Rangi ilimtoka. "Ameimaliza," akasema. "Ameimaliza reli yangu!" Na yule mtu mnene, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha hata kwenye chakula, akavuta bendera kwapani na kukimbia kusini katikati ya reli, hirizi zikirukaruka kifuani, akipiga kelele, "Simama! Simama! Imefananishwa! Imefananishwa!"

Injini ikapiga honi, magurudumu yakalia, mabehewa yakagongana mgongoni moja baada ya jingine, na treni ikasimama hatua mia mbili kutoka kona. Dereva akashuka, amejaa masizi.

"Kuna nini?"

"Yule kule," nyapara akasema akihema, "ameitia jicho njia."

"Amefanya nini?"

"Ameifananisha na... na mtu msikitini."

Dereva alikuwa mtu wa Atbara, mtoto wa karakana. Akamtazama nyapara kuanzia kofia hadi viatu. "Umenisimamishia treni yenye watu mia tatu kwa sababu ya utani?"

Abiria walikuwa wameanza kushuka. Karamalla alibaki pale pale juu ya boksi. Reli ilikuwa imetulia mbele yake, inang'aa, haina hatia yoyote. Dakika ikapita, nyingine ikapita. Nimemwacha mke bure, akawaza. Nimemwacha kwa ajili ya mzaha.

Dereva akageuka kurudi kwenye injini yake. Hakufika. Pale kwenye kona ulisikika mlio mfupi, mzito, na reli zote mbili pamoja na mataruma yake zikaruka pembeni kwa pamoja. Vumbi likainuka. Lilipotua, njia ilikuwa imejikunja kwa upana wa hatua nzima, na kokoto bado zinabingirika.

Nyapara akasema kwa sauti ndogo, "Nilisema mimi."

Dereva akakaa juu ya ngazi ya injini yake, akavua kofia, akaiweka gotini. Wanawake wakaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Genge likafungua vifaa, ingawa kila mtu alijua kwamba mpaka jua liiname hapangefanyika kitu.

"Zile kokwa zako," nyapara akamnong'oneza Karamalla. "Zina kinga, sivyo? Ningezikubali wakati ule! Zitie sasa."

"Sasa chuma kimejinyoosha, nyapara. Sasa tunafungua bolti na kusubiri. Kokwa ni za baridi."

"Unavyosema wewe, sheikh," nyapara akasema, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine.

Ndipo Karamalla akamwona Darassalamu. Alikuwa anakuja kando ya mabehewa na kikapu chake kichwani, mwendo ule ule, akiuliza kila mtu kuna nini na hasubiri jibu. Alipomwona mumewe akatabasamu, halafu akaona nyuso za genge. Kila mtu alikuwa amepata kitu cha kutazama mchangani.

"Kabashi," akasema, "wewe hujui kuficha. Sema."

"Shemeji..." Kabashi akakuna shingo. "Habari ni njema. Uko hai. Sote tunashukuru. Ila umeachika."

Darassalamu akashusha kikapu. "Amefananisha?"

"Amefananisha."

"Na nini?"

Kabashi akamwambia. Darassalamu alijitahidi, kila mtu aliona alivyojitahidi. Midomo ilitetemeka, akageuza uso kuitazama kona, na kuitazama kona ndilo lililokuwa kosa. Akacheka mpaka akajishika kwenye gurudumu.

Halafu akamgeukia mumewe. "Kweli umeniacha, mwana wa ami?"

"Ulikuwa ndani," Karamalla akasema. "Sikuwa na neno lingine."

Palikuwa na shehe mmoja mzee kati ya abiria, amekaa kwenye kivuli cha behewa na birika lake la udhu. Wakapelekwa kwake, watu mia tatu wakiwafuata, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya.

"Uliapa kwa talaka?" shehe akauliza.

"Niliapa."

"Ngapi ulitaja?"

"Sikutaja hesabu."

"Na kiapo ukakivunja kwa kusudi?"

"Kwa kusudi, shehe. Niliuona moshi wa treni yake unakuja."

Shehe akatazama njia iliyojikunja, kisha akamgeukia Karamalla. "Imeanguka moja kati ya tatu. Nayo ni ya rejea. Ukisema mbele ya mashahidi kwamba umemrejea mkeo, mmerudi mlivyokuwa. Na mashahidi hapa," akatazama umati, "wanatosha."

Karamalla akapangusa viganja kwenye kanzu yake. Alikuwa mtu wa maneno maisha yake yote. "Nimekurejea," akasema.

"Hivyo tu?" akauliza bibi mmoja kutoka dirishani. "Safari yote hii?"

"Mwacheni," Darassalamu akasema. "Leo ameshasema ya kutosha." Vigelegele vikapigwa kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho. Hata dereva akavuta honi.

Alitoa tende na mkate kikapuni, akawagawia genge, akamwekea mumewe fungu lake katika kivuli, akakaa karibu naye wakingoja jua liiname. Alimweleza habari za mjukuu: ni wa kiume, ana kilo za kutosha, na analia usiku. Kisha akanyoosha vidole vitatu mbele ya uso wa Karamalla, akakunja kimoja.

"Zimebaki mbili," akasema. "Na hii reli yenu, nimeipima leo kwa kuikalia, ni ndefu sana."